Nyasi Juu ya Bwawa la Majivu

Kizwite,
Sumbawanga.

Dada yangu Zaina,

Shikamoo. Pokea na ya pili umpelekee Mama kabla hujaketi, maana najua swali lake la kwanza litakuwa kama nimemkumbuka. Mimi mwili ni mzima, kile kikohozi kimeondoka, na chakula nakula. Nyinyi je? Miguu ya Mama bado inamsumbua akipanda kule shamba la juu? Shemeji alikwenda kung'olewa jino au bado anajifunga kitambaa? Na mtoto ameanza kusimama? Niandikie yote, hata yale unayoona hayana uzito. Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Mvua bado zipo, na baridi ya huku si kama ya kwetu Lushoto. Kwetu baridi inatoka mlimani, ukiteremka umeikimbia. Huku Ufipa ni uwanda mtupu juu kabisa, upepo unatoka mbali na haupati cha kugonga mpaka ufike kifuani kwako. Sweta ulilonifumia nalala nalo.

Mama ameniuliza, kwa utani wake, kama mikono yangu imeshakuwa laini kama ya bibi harusi kwa kushika kalamu. Mwambie hilo nitalijibu mwisho. Na hapa ndipo nakuomba usome kwa macho tu, Dada. Yanayofuata si ya kumsomea Mama. Mwambie mafuta ya taa yamekwisha, au mwandiko wangu umeharibika, au lolote utakaloona linafaa. Ukishamaliza ndipo utajua la kumwambia.

Nianze na kazi, ili uelewe mengine. Mtambo wetu wa umeme si mkubwa. Ulikuwa unachoma makaa ya mawe, mvuke unazungusha mashine, mji unapata taa. Makaa yakishaungua yanabaki majivu, na ni mengi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Hayo yalikuwa yanasukumwa kwa maji katika bomba hadi kwenye mabwawa mawili nyuma ya kituo. Kwa miaka yote hiyo mabwawa yalijaa uji wa kijivu. Sasa tumeletewa mashine za dizeli, makaa hayachomwi tena, na ikaamriwa mabwawa yafungwe.

Alikuja mhandisi mmoja, mtu mzima, mpole, akatufundisha namna ya kufunga. Nilifuatana naye nikiandika maneno yake. Kwanza maji yanyonywe kwa pampu. Halafu majivu yaachwe yakauke mpaka mtu aweze kutembea juu yake bila kubonyea. Ndipo uletwe udongo wa mfinyanzi, ushindiliwe, na juu yake udongo wa kawaida wa kumfika mtu kiunoni, kisha nyasi, kisha uzio. "Hapa hapalimwi milele," alisema. "Majivu ukiyafunika mabichi hayakauki tena. Yanakaa humo chini yanangoja mtu."

Bwawa la kwanza lilifungwa hivyo. Tulipofika la pili mhandisi alikuwa ameshaondoka, na Meneja wetu akapata habari kwamba wakubwa wanakuja kukagua. Yakanyonywa maji ya juu tu. Mfinyanzi haukuletwa, kwa sababu unatoka mbali. Katapila likasukuma udongo mwepesi kutoka kingoni kwenda katikati, likasawazisha, basi. Nilikuwapo. Nilichomeka fimbo katika ardhi ile, ikapita udongo kiasi cha kiganja, halafu ikazama yenyewe kama mwiko kwenye uji, nikaitoa imepakaa tope la kijivu. Nikampelekea Meneja. Aliitazama fimbo, akanitazama mimi.

"Salehe, wewe ni karani au mhandisi?"

"Karani, Ndugu Meneja."

"Basi ukarani uko mezani."

Nikarudi mezani. Mvua zikaanza, nyasi zikaota juu ya bwawa la pili, ndefu, kijani kibichi, zikapendeza kuliko mahali popote pale karibu. Na uzio haukujengwa.

Wakati huohuo mambo ya kuhamia vijijini yakafika upande wetu. Malori yalileta watu na milango yao, mabati yao wenye mabati, kuku wamefungwa miguu. Wakapangwa mstari kando ya barabara, karibu na kituo. Miongoni mwao alikuwamo Kasiano, ndugu mdogo wa Mama Gaudensia, yule mjane mwenye nyumba yangu ambaye nimekuandikia habari zake. Ananiita mwanangu na kunigombeza vilevile kama Mama. Kasiano aliacha huko alikotoka nyumba ya matofali na mashamba aliyoyatengeneza tangu ujana. Sasa kijiji kipya kilikuwa kinatafuta shamba la pamoja. Mwenyekiti wao alipita nyuma ya kituo, akaona uwanda ule wa kijani usio na mti wala jiwe, akaja kuuomba. Meneja akampa palepale, nikiwa nimeketi nikisikia. Walipeana mikono.

Mwenyekiti alipotoka nilijikaza nikasema, "Ndugu Meneja, na yale majivu?"

Akacheka. "Watu hawa wanalima kwa kukwaruza, Salehe. Wanakwaruza, wanatupa mbegu, wanakwenda kunywa pombe. Jembe lao halitafika popote."

Dada, Meneja ni mgeni huku kama mimi, lakini anakaa nyumba ya kituo na hajawahi kukanyaga shamba la Mfipa. Mimi ninayekaa kwa Mama Gaudensia nimeona wanavyolima. Hawakwaruzi. Mvua zikikaribia kwisha na nyasi ziko juu, wanakata ardhi pamoja na nyasi zake, wanaipindua na kuirundika, nyasi ndani udongo nje, mpaka inakuwa tuta la duara la kumfika mtu gotini na zaidi. Wanaliita ntumba. Nyasi zinaoza humo ndani, na msimu unaofuata wanatawanya ule udongo uliorutubika na kupanda ulezi. Ukitazama uwanda kwa mbali, zile ntumba ni kama watu wengi wameketi mkutanoni. Na nyasi zikiwa ndefu ndipo Mfipa anapopapenda zaidi, na ndipo anapochimba kwa nguvu zaidi.

Meneja alijua majivu hakujua ntumba. Mwenyekiti na watu wake walijua ntumba hawakujua kwamba majivu ni mabichi. Mimi nilijua yote mawili, nami ndiye mwoga kuliko wote. Wewe unanijua, ndiye uliyekuwa ukinisindikiza chooni. Siku hizi mtu akisema neno dhidi ya shamba la kijiji anaitwa adui wa ujamaa, na akishaitwa hivyo hakuna anayemuuliza alisema nini hasa. Nilikaa na jambo lile tumboni mpaka chakula kikawa hakishuki. Mama Gaudensia akaona.

"Mwanangu, ugali wangu una mchanga?"

"Hapana, Mama."

"Basi kula, au sema."

Nikasema. Alikuwa anapika pombe ya ulezi kwa ajili ya siku ya kuanza ntumba, maana huku watu wakichimba pamoja lazima pombe iwepo. Kasiano alikuwa amekuja kuichungulia. Aliposikia maneno yangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Karani, umeshika jembe lini wewe? Nyasi zile zinanifika kidevuni. Mahali pabaya panaota nyasi namna ile?"

"Zimeota kwenye udongo wa juu, Mjomba. Chini ni uji."

"Uji! Basi Jumamosi tutakuja na vijiko."

Mama Gaudensia hakucheka. "Kasiano, mtoto huyu panya akipita darini anaita jina la mama yake. Mtu mwoga hivi hawezi kusema jambo la hatari kwa kujifurahisha."

Jumamosi walikuja wote, wake kwa waume, na majembe yao makubwa, mitungi ya pombe imewekwa kivulini mwa jengo letu. Mwenyekiti alihutubia. Meneja alisimama kando, viatu vinang'aa. Mimi niliitwa nishike mwavuli wake. Mwenyekiti alipomaliza, Kasiano akapaza sauti, na nakuapia alikuwa anafanya mzaha tu:

"Mwenyekiti, kabla hatujaanza! Karani wa mtambo anasema chini ya hapa ni uji. Tuchimbe au tunywe?"

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Aligeuka polepole mpaka uso wake ukawa chini ya mwavuli pamoja na wangu.

"Salehe. Umesema hivyo?"

Neno "hapana" lilikuwa mdomoni, Dada. Nililionja. Lakini Mama Gaudensia alikuwa mstari wa mbele na jembe begani, mguu mmoja umeshakanyaga nyasi. Nikasema, "Ndiyo, Ndugu Meneja," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Vizuri. Mpeni jembe aingie atuoneshe huo uji."

Mama Gaudensia akanipa lake. Niliingia nikitembea kama mtu anayepita juu ya mayai. Nikainua, nikapiga. Jembe lile ni zito, pana kama sinia, na mizizi ya nyasi imeshikana. Likaruka, likanirudia. Nikapiga tena. Nilikwangua kipande cha nyasi cha kutosha kufunikia chungu.

"Anaua siafu!" akasema mwanamke mmoja.

"Karani, jembe halina wino!"

"Mwacheni, anaiandikia ardhi barua!"

Nilipiga mpaka jasho likaingia machoni, na hakikutoka chochote ila udongo mzuri mweusi. Unaona kichekesho chenyewe? Nilikuwa nakwaruza. Lile alilosema Meneja juu ya Wafipa, mimi ndiye niliyekuwa nalifanya, mbele ya Wafipa. Kweli yangu ilikuwa chini yangu kabisa, nami sikuwa na mikono ya kuifikia. Nilisoma jiografia, nilisoma hesabu, naweza kukupa urefu wa mto ambao sijawahi kuuona, na sikuweza kuchimba shimo.

"Mmejionea wenyewe, ndugu wananchi," Meneja akasema. "Tuendelee na kazi."

Hapo Mama Gaudensia akaja akaninyang'anya jembe. "Toka hapo. Huko si kulima, huko ni kukuna upele. Kama ni kupima, tupime kwa ntumba." Akajifunga kanga kiunoni, akainua. Pigo la kwanza nyasi zilipinduka na mizizi yake yote. La pili udongo mweusi ukafunguka. La tatu jembe likaingia lote na mpini wake bila kutoa mlio, na mguu wake ukalifuata.

Alizama mpaka pajani. Ardhi yote kumzunguka ilitikisika kama utando wa maziwa, na kutoka katika tundu lile ukapanda uji wa kijivu, taratibu, ukienea juu ya nyasi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesogea pia. Mhandisi alikuwa ametuonya kwamba juu ya majivu mabichi mtu asisimame, alale. Nikalala kifudifudi, nikamshika mikono yote miwili. Kasiano akalala nyuma yangu akanishika miguu, na watu wakamvuta Kasiano. Mama Gaudensia alinitazama machoni wakati wote, akisema kwa sauti ndogo, "Usiniachie, mwanangu. Usiniachie." Alitoka. Jembe lake halikutoka. Liko humo mpaka leo.

Utadhani baada ya hapo nilishukuriwa. Sikiliza basi. Majivu yale yakiwa mabichi yanaunguza kama chokaa. Ngozi ya mguu wake imebanduka kuanzia gotini hadi kisiginoni, na goti limeteguka; kutwa anaukalisha mguu juu ya kigoda. Kijiji kikapewa shamba jingine, kilimani ng'ambo ya mto, mawe matupu. Wanawake wanatoka asubuhi na mapema na kurudi jua limezama, wakipita kando ya nyasi zile nzuri. Na unajua wanamlaumu nani? Si Meneja. Wanasema Meneja alitaka kuwapa mahali pazuri, ni mdomo wa karani uliowapeleka mawe. Wengine wanasema uji ule nimeuita mimi. Watoto njiani wananiita Majivu. Hata Kasiano, aliyenishika miguu, aliniambia, "Ulisema kweli, Karani, lakini sasa njoo unisaidie kuila hiyo kweli yako na watoto wangu."

Meneja hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Alifukia tundu, akapandikiza nyasi juu, akawapokea wakubwa. Walisimama ukingoni, mahali pagumu, wakasifu ule ukijani, wakapigwa picha. Mimi ndiye niliyewapelekea chai. Mmoja aliniambia, "Hongereni vijana, mmefanya kazi ya kuigwa," nami nikajibu, "Ahsante, Mzee." Tangu siku ile Meneja ananiagiza kupitia kwa tarishi, ingawa meza yangu iko mbele yake. Tarishi ameninong'oneza kwamba nitahamishwa, wapi hajui.

Yote hayo, Dada, ningeyameza nikanyamaza. Lakini leo mchana malori yamekuja tena. Yameleta familia kutoka ziwani, upande wa Wampembe, watu wa nyavu na dagaa waliopandishwa huku juu wakitetemeka kwa baridi. Hawakuwapo siku ile. Kilima chote kimeshagawiwa. Meneja amemwambia Mwenyekiti kwamba udongo umeongezwa bwawani na sasa ni imara. Hakuongeza hata karai moja. Malori yote ya kituo yako juu ya mawe bila matairi, naandika mimi mwenyewe kila siku kwamba hayajatoka. Mwenyekiti amekubali, kwa sababu lazima watu wawekwe mahali. Wageni wamepewa majembe mapya na kuambiwa walime kama wenyeji. Wanaanza kesho asubuhi. Wana watoto wengi, na watoto wa ziwani hawaogopi kukimbia popote. Wenyeji wanawatazama kimya. Wameshaona mtu akisema anapewa nini.

Nilipomweleza Mama Gaudensia alisema, "Nenda kwa jirani ukaazime jembe."

"Mama, mguu wako."

"Nani kakwambia nachimba mimi?"

Sijakueleza kwamba jioni hizi ananifundisha uani kwake, kwa jembe la jirani ninalolirudisha kila usiku. Yeye ameketi, mguu juu ya kigoda, ananielekeza kwa fimbo. "Mgongo huo si wa kuandikia, upinde! Usilipige jembe, liache lianguke, lina uzito wake." Mwanzo nilidhani ananifundisha ili apoteze mawazo. Ua wake sasa umejaa ntumba, mbovumbovu za kwanza karibu na jiko, zile za ukutani hata yeye anasema zinafaa. Malengelenge yamepasuka yakaota mengine. Mwandiko wangu ukiuona unatetemeka, ni hayo, na nusu yake ni woga.

Basi kesho kabla hawajaanza nitaingia mita chache kutoka ukingoni, mahali watu wote wataona, na nitachimba ntumba moja ya kweli mpaka uji utoke. Kasiano nimemwendea jioni hii. Hakunitazama, lakini alitoka nje akarudi na kamba ya ng'ombe, akaivuta kwa mguu na mikono kuipima. "Utaifunga kiunoni," alisema, "na ukizama usipige teke." Mama Gaudensia atakaa ukingoni kwenye kigoda chake, awaoneshe wanawake wa ziwani mguu. Meneja atafanya atakalofanya. Nimeshakunja nguo zangu kwenye sanduku, endapo sitarudi kulala chumbani humu kwa sababu moja au nyingine. Barua hii haipiti ofisini. Naipeleka sasa hivi kwa yule mfanyabiashara wa hapa mjini tunayeswali naye, lori lake linaondoka alfajiri kwenda Mbeya.

Naogopa, Dada. Nisingekuwa naogopa ningekuandikia mambo ya maana zaidi.

Nisalimie Shemeji, mwambie asiogope koleo la daktari. Msalimie Shangazi wa Soni, na yule mwalimu wangu wa darasa la nne ukikutana naye sokoni, na jirani yetu mshona viatu aliyenipa viatu vya kuondokea, bado vinadumu. Mtoto mbusu kichwani. Sweta nitalivaa kesho, kamba isinikate.

Na Mama mjibu hivi kuhusu mikono. Mwambie si laini tena. Mwambie mwanawe hatimaye amejifunza kulima. Akikuuliza shamba liko wapi, mwambie sikuandika.

Ni mimi mdogo wako,
Salehe